Siti binti Saad na Santuri za Mwaka 1928

Utangulizi

Mtu anayefika Isiolo asubuhi na mapema huwakuta kina mama wamejipanga na madumu ya maziwa ya ngamia. Maziwa hayo yametoka malishoni, nayo yanangoja kupakiwa katika magari yapelekwe hadi Eastleigh, Nairobi. Huenda muuzaji akawa Msomali, mpakiaji Mturkana, utingo Mborana na mnunuzi Mmeru. Lugha inayowakutanisha hapo ni Kiswahili. Si Kiswahili cha vitabuni: ngeli huteleza, viambishi huangushwa njiani, na lafudhi ya kila mmoja humtangaza alikotoka. Hata hivyo, bei hupatana, ugomvi husuluhishwa, na utani hupigwa mpaka watu wakashika mbavu.

Sisi tuliolelewa katika mji huo na hatimaye tukaingia chuo kikuu kusomea Kiswahili tunaifahamu aibu moja. Tumewahi kusimama mbele ya wenzetu, tukafungua kinywa, na kabla hoja haijafika mahali tukasikia kicheko. Hoja haikuwa na kasoro. Kilichochekwa ni Kiswahili chetu cha bara. Baadhi yetu tumejifunza kunyamaza. Wengine tumejifunza kusema kama kitabu, tukawa hatuna kosa wala ladha.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyechekwa kwa namna hiyo hiyo, tena pwani kwenyewe, katika kisiwa ambacho lahaja yake ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Mtu huyo ni Siti binti Saad wa Unguja. Habari zake si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa Shaaban Robert alimwandikia wasifu ambao umesomwa na vizazi kadhaa. Lengo letu hapa ni kuutazama upande mmoja wa maisha hayo ambao aghalabu hupitwa kwa haraka, yaani santuri alizorekodi yeye na wenzake kuanzia mwaka 1928, pamoja na kejeli na mzaha uliokuwa ndani yake. Tunakusudia kuonyesha kwamba mzaha ule haukuwa wa kupitishia wakati tu. Ulikuwa ni hoja, na santuri ndizo zilizoitoa hoja hiyo kisiwani.

Binti wa mfinyanzi

Siti alizaliwa Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa utotoni halikuwa Siti bali Mtumwa. Wazazi wake walitokana na watu waliotolewa bara na kuingizwa utumwani: baba kwa asili alikuwa Mnyamwezi na mama Mzigua. Katika Unguja ya wakati ule jina Mtumwa halikuwa fumbo. Lilimweleza kila aliyelisikia mahali ambapo mtoto huyo alitazamiwa kukaa katika jamii. Amri ya kuondoa utumwa ilitolewa mwaka 1897, wakati Mtumwa alipokuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Lakini amri haikufuta kumbukumbu za watu, wala haikuwapa mashamba na majumba wale waliokuwa hawana.

Hakupelekwa shule, na hakujua kusoma wala kuandika. Alichorithi kwa mama yake ni ufinyanzi. Alifinyanga vyungu, akavichoma, kisha akavibeba kichwani na kwenda navyo mjini, akivitangaza njiani kwa sauti. Wasimulizi wa maisha yake wanakubaliana kwamba sauti hiyo ilitambulika kutoka mbali, na kwamba watu walijua Mtumwa anakuja kabla hawajamwona. Kwa hiyo jukwaa lake la kwanza lilikuwa njia ya wachuuzi, na wimbo wake wa kwanza ulikuwa tangazo la biashara. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mchuuzi hujifunza mapema kwamba maneno yasiyomgusa msikilizaji hayauzi kitu. Lazima ayachague, ayapange, na ayatie chumvi.

Kutoka shamba kuingia mjini

Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, aliliacha shamba akahamia mjini. Muziki uliokuwa na heshima huko ulikuwa taarab. Asili yake katika Unguja huhusishwa na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ambaye aliwaleta wanamuziki kutoka Misri na kumtuma mtu kwenda huko kujifunza. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho kiliendeleza muziki huo nje ya kasri. Waimbaji walikuwa wanaume, na lugha ya kuimbia ilikuwa Kiarabu. Wengi wa wakazi wa mji waliweza kuusikia muziki huo kutoka mbali bila kufahamu maneno yake.

Mmoja wa wanamuziki wa chama hicho alikitambua kipaji cha mwanamke huyu wa Fumba, akamfundisha kuimba kwa kufuata ala na kumjulisha na wapigaji wengine. Alijifunza pia kuimba kwa Kiarabu, kwa kutegemea sikio na kumbukumbu. Ndipo jina la Mtumwa lilipoachwa na mahali pake pakashikwa na Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Tangu hapo majina hayo mawili yakawa ni historia yake kwa ufupi.

Haikupita muda akaanza kualikwa katika nyumba za matajiri, na hata katika kasri la Sultani Khalifa bin Harub. Lakini mafanikio yalileta husuda. Ulitungwa wimbo wa kumsuta, ukimkumbusha kwamba ametoka shamba amevaa kaniki. Wimbo ule ulitaka kumrudisha kwenye jina lake la zamani. Siti hakwenda kushtaki wala hakunyamaza. Alijibu kwa wimbo, akaipuuza hoja ya sura na nasaba, akasimamisha badala yake hoja ya akili ya mtu mwenyewe. Jibu hilo likawa maarufu kuliko matusi yaliyolizaa. Wanafunzi wa ushairi wataitambua hapo kanuni ya malumbano ya Kiswahili: anayeshinda si mwenye hasira kubwa, bali ni yule ambaye maneno yake yatarudiwa kesho na watu wasiokuwapo.

Kikundi cha Ng'ambo

Siti hakuimba peke yake. Kikundi chake kilikuwa na Subeit bin Ambar, Mbaruk, Buda na Mwalim Shaban, nao walitumia udi, fidla na ala ndogo za kupigwa kwa mkono. Walikutana Ng'ambo, yaani upande wa pili wa mji, ng'ambo ya mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe wa mawe na vibanda vya udongo. Huko waliishi mafundi, wachukuzi, wavuvi, wachuuzi, na waliokuwa watumwa pamoja na watoto wao.

Kukaa kwao Ng'ambo kulibadili sanaa yenyewe. Katika kasri mwimbaji alialikwa, akaimba alichotakiwa kuimba, akaondoka. Ng'ambo jirani aliingia na habari: nani kakamatwa, nani kafukuzwa katika nyumba, karani gani kala fedha za watu. Habari hizo zikageuka kuwa nyimbo, na nyimbo zikapitia mikononi mwa kikundi kizima, huyu akitoa mshororo, yule akirekebisha vina, mwingine akitafuta mahadhi. Katikati ya nyimbo palikuwa na vichekesho vifupi vya kuwaburudisha watu. Hadhira ilicheka, ikajibu, ikaongezea.

Kikubwa zaidi ni lugha. Haitakuwa sahihi kudai kwamba kabla ya Siti hapakuwa na nyimbo za Kiswahili zenye kusindikizwa kwa gambusi. Pwani ya Lamu na Mombasa ilikuwa na mapokeo yake ya ushairi wa kuimbwa. Lakini katika Unguja, ambako taarab ilikuwa alama ya utukufu wa kasri na Kiarabu kikawa vazi lake rasmi, kuitoa taarab hiyo katika Kiarabu na kuitia katika Kiswahili cha mitaani kulikuwa ni kuwapa wenyeji wa Ng'ambo kiti katika baraza ambalo walizoea kulisikilizia dirishani.

Safari ya Bombay

Mwezi Machi mwaka 1928 kikundi hiki kilikuwa Bombay, nchini India, kikirekodi kwa kampuni ya Gramophone iliyouza santuri zake kwa alama ya His Master's Voice. Afrika Mashariki haikuwa na mitambo ya kurekodia, na kwa wafanyabiashara wa Unguja Bombay ilikuwa mlango wa karibu kupitia njia za majahazi na meli zilizokuwako tangu zamani. Kabla ya hapo gramafoni za Unguja ziliimba zaidi kwa Kiarabu na kwa lugha za Kihindi. Mwenye kinanda alinunua sauti za Cairo na Bombay, kwa sababu sauti ya jirani yake haikuwa ikiuzwa.

Inafaa tutue kidogo tutazame jinsi chombo kile kilivyofanya kazi, maana kiliathiri utunzi. Kurekodi kwa kutumia kipaza sauti cha umeme kulikuwa kumeanza mwaka 1925 tu. Kabla ya hapo waimbaji walilazimika kusogea mbele ya pembe kubwa na kupaza sauti ndani yake, na ala nyororo kama udi zilipata shida kusikika. Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri ya kawaida ulichukua muda wa dakika tatu hivi. Sauti ilichorwa moja kwa moja juu ya nta. Hapakuwa na namna ya kukata kosa na kubandika sehemu nyingine; aliyekosea alirudia wimbo wote kutoka mwanzo.

Sasa tufikirie maana ya dakika tatu kwa watu waliozoea kukesha. Katika taarab ya Ng'ambo wimbo haukuwa na haraka. Ubeti uliopendwa ulirudiwa, mpiga udi alipewa nafasi, msikilizaji alitunza, na mwimbaji akageuka kumwelekea yule aliyekusudiwa na fumbo. Bombay hapakuwa na mtunzaji wala mwenye kukusudiwa. Chumba kilikuwa kigeni, na fundi wa mitambo hakuhitaji kufahamu maneno ili afanye kazi yake. Kijembe kinachotegemea jicho na bega kililazimika kusimama juu ya neno peke yake. Kisa kilichosimuliwa usiku kucha kililazimika kuchujwa mpaka kikabaki kiini chake. Kwa maoni yetu, hapo ndipo nyimbo hizi zilipovuka kutoka katika porojo za mtaa na kuwa matini: zilibidi zieleweke kwa mtu ambaye hakuwapo, hamjui mhusika, na hana wa kumwuliza.

Kicheko na hukumu

Mfano ulio bora ni wimbo unaofahamika kwa jina la Kijiti. Kisa chake kilitokea kweli Unguja. Mwanamke mmoja, aliyekuwa mjamzito, alivuka kutoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea. Mwanamume aliyeitwa Kijiti akamrubuni kwenda naye matembezini pamoja na wenzake, kukawa na ulevi, na mwisho mgeni yule akanajisiwa na kuuawa. Kijiti alitorokea bara. Shauri lilipofika mahakamani, wanawake waliokuwa pamoja naye, ambao walijitokeza kutoa ushahidi, ndio waliotiwa hatiani kwa sababu ya ile pombe. Mwuaji alikuwa huru ng'ambo ya bahari, na mashahidi wakaenda kifungoni.

Kikundi cha Siti hakikulisimulia jambo hili kwa kilio. Kililisimulia kwa sauti ya umbea, kama vile mtu anavyomwita mwenzake barazani aje asikie ya leo. Wimbo unatembea hatua kwa hatua: mgeni, mwaliko, kinywaji, kifo, kutoroka, hukumu. Hauna haja ya kutamka kwamba sheria imepinda. Unazipanga habari kwa mfuatano wake, kisha unamwachia msikilizaji aone mwenyewe ni nani aliyefungwa. Kicheko kinachotoka hapo ni kicheko kichungu, na kikishaisha hubaki swali: ikiwa anayesema kweli mbele ya hakimu ndiye anayeadhibiwa, mwanamke wa Ng'ambo akimbilie wapi?

Upande mwingine wa kejeli hiyo unaonekana katika wimbo wa Wala Hapana Hasara. Huu unamhusu mtu mwenye mali aliyewadhulumu maskini wasiojua kusoma, akahukumiwa kifungo na kazi ngumu. Mtu aliyezoea kuamrisha sasa anaamrishwa. Wasikilizaji wa Ng'ambo, ambao wengi wao walijua maana ya kutia alama ya dole gumba katika karatasi wasiyoweza kuisoma, hawakuhitaji kufafanuliwa. Tukumbuke pia kwamba mwimbaji mwenyewe hakujua kusoma. Wimbo huo ulikuwa unawatetea watu wa hali yake.

Tukiziweka nyimbo hizi mbili pamoja tunaona jinsi mzaha ulivyotumika kama mizani. Mahakama ilipokosea, wimbo uliikosoa; ilipopatia, wimbo ulishangilia. Ng'ambo haikuwa na gazeti lake wala mjumbe wake katika baraza la kutunga sheria. Ilichokuwa nacho ni baraza la nyimbo, na katika baraza hilo hukumu za mahakama zilisikilizwa upya. Wala si kwa bahati kwamba mwaka ule ule wa 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi waliyokuwa wakitozwa na wenye viwanja. Hatusemi kwamba santuri ndizo zilizoleta mgomo. Tunasema kwamba watu waliogoma na watu waliocheka walikuwa ni wale wale, na kwamba aliyekwisha kumcheka mkubwa hadharani hapati taabu sana kumwambia hapana.

Njia mbili za Kiunguja

Mwaka 1928 una kumbukumbu nyingine ambayo kila mwanafunzi wa historia ya Kiswahili huifahamu. Katika mwaka huo ulifanyika mkutano mjini Mombasa ambao uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kuisimamia kazi hiyo. Kamati ilisawazisha tahajia, ikapitisha vitabu vya shule, ikatunga kamusi. Waafrika hawakupewa viti ndani yake hadi miaka ya 1940.

Kwa hiyo katika mwaka mmoja Kiunguja kilianza safari mbili. Katika moja kilichukuliwa na maofisa na wamishenari, kikaandikwa, kikanyooshwa, kikapelekwa madarasani. Katika nyingine kilichukuliwa na mwanamke asiyejua kusoma, kikapandishwa meli, kikaimbwa mbele ya kipaza sauti Bombay, kisha kikarudi ndani ya santuri. Mitihani yetu huuliza sana juu ya safari ya kwanza. Ya pili huachwa, pengine kwa sababu tumezoea kuiita starehe.

Ukubwa wa safari hiyo ya pili si wa kudharauliwa. Baada ya kikao cha kwanza kampuni ilirudia kurekodi, na makampuni mengine, yakiwamo Odeon na Columbia, nayo yakaja kuwatafuta waimbaji wa Kiswahili wa Unguja na Mombasa. Idadi ya santuri za Kiswahili zilizokuwa zimeuzwa kufikia mwaka 1931 hutajwa na watafiti kuwa takriban 72,000. Santuri moja haikusikilizwa na mtu mmoja. Mwenye mkahawa aliweka gramafoni mlangoni, na wateja wakakaa na vikombe vya kahawa wakisikiliza, wakibishana juu ya maana ya fumbo, wakiomba sindano irudishwe mwanzo. Santuri ziliuzwa Unguja, zikavuka hadi Tanganyika, Kenya na kwingineko ambako Kiswahili kilifahamika. Mtu wa bara aliyekisikia Kiunguja kwa mara ya kwanza kupitia chombo hicho hakukisikia kikimwamuru afungue ukurasa. Alikisikia kikicheka, kikilalamika, kikisuta na kubembeleza.

Hapa tunarudi Isiolo kwa kitambo. Mji huo nao ulikuwa ukijengeka katika miaka hiyo hiyo ya 1920. Askari wa Kisomali waliokuwa wametumikia jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza walipewa makazi hapo, na serikali ya kikoloni ikaufanya mji kuwa kituo cha kuitawalia wilaya ya mpaka wa kaskazini. Watu wa makabila mengi wakajikuta mahali pamoja, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi, ya zizi na ya duka. Kilichokiimarisha huko si kamati. Ni haja ya watu ya kuuziana, kugombana na kutaniana. Kwa maana hiyo, Kiswahili cha soko la Isiolo na Kiswahili cha Ng'ambo vina undugu ambao haupimwi kwa usahihi wa viambishi: vyote viwili vilikuzwa na watu waliokutanishwa na historia bila kuulizwa, wakaamua kuelewana.

Miaka ya mwisho

Biashara ya santuri ilipungua kutokana na mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwishoni mwa 1929, lakini jina la Siti halikupungua. Aliendelea kuimba na kufundisha. Miongoni mwa waliomsikiliza na kujifunza kwake kwa sikio ni Fatma binti Baraka, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Bi Kidude na ambaye aliendelea kuziimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni mwake. Alifariki mwaka 2013.

Katika siku za mwisho za maisha yake Siti alitembelewa na Shaaban Robert. Mkutano huo ni wa kustaajabisha ukiufikiria: mwandishi aliyekuwa akikiinua Kiswahili cha maandishi aliketi mbele ya mwanamke ambaye hakuwahi kuandika neno, akamsikiliza, akayachukua maisha yake na kuyafanya kitabu. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, na wasifu huo ukachapishwa mwaka 1958. Kwa kuuandika, Shaaban Robert alikiri jambo ambalo mitaala yetu bado inasitasita kulikiri, kwamba fasihi ya Kiswahili haikuanzia kwenye karatasi na haiishii hapo.

Heshima nyingine ilikuja baadaye. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilipoanzisha jarida lake mwaka 1988, kilililita Sauti ya Siti. Waliochagua jina hilo walielewa kwamba aliyetetea mashahidi wa kesi ya Kijiti alikuwa mwanahabari kabla hawajakuwapo wanahabari wanawake.

Hitimisho

Tumeona kwamba maisha ya Siti binti Saad yana funzo kwa wanaoshughulikia Kiswahili katika vyuo vikuu. Kwanza, santuri za mwaka 1928 na zilizofuata ni matini za fasihi na za historia, na zinastahili kusomwa kwa uzito ule ule tunaousomea utenzi au riwaya. Nyingi zimo hatarini. Santuri za aina hiyo ni dhaifu, huvunjika zikianguka, na kila zinapochezwa sindano huzila. Kuzikusanya, kuzinakili katika vyombo vya kisasa na kuyaandika maneno yake kwa uangalifu ni kazi ambayo chama cha wanafunzi kinaweza kuianza hata bila fedha nyingi, kwa kuwaendea wazee wenye makasha yaliyofunikwa vumbi.

Pili, mzaha haupaswi kuwekwa pembeni katika uhakiki wetu. Tumezoea kuuliza mwandishi ametoa ujumbe gani, kisha tukautafuta mahali penye huzuni na maonyo. Kikundi cha Ng'ambo kilionyesha kwamba swali zito la haki linaweza kuulizwa kwa kicheko, na kwamba likiulizwa hivyo hufika mbali zaidi, maana hakuna anayemkataza mtu kuimba kile kinachomchekesha.

Tatu, na hili linatuhusu sisi tuliotoka bara. Siti alichekwa kwa kutoka shamba, na waliomcheka walikisema Kiswahili kile kile cha kisiwani. Hakuwasubiri wamridhie ndipo aimbe. Alikiimba Kiswahili alichokuwa nacho, cha mfinyanzi na cha mchuuzi, na miongoni mwa vyombo vilivyokitangaza Kiunguja nje ya kisiwa sauti yake ikawa mojawapo. Hatusemi kwamba sarufi haina maana. Mwanafunzi wa Kiswahili asiyejua sarufi ni seremala asiye na patasi. Tunasema kwamba sarufi ni ya kutengenezea kitu. Yule mama wa maziwa pale Isiolo, anayemtania mteja wake kwa ngeli zilizoteleza mpaka mteja akaongeza dumu la pili, anakijua Kiswahili kwa namna ambayo huenda sisi wenye shahada tumeisahau. Siku mmoja wetu akisimama mbele ya darasa na lafudhi yake ya kaskazini, na wengine wakaanza kucheka, na akumbuke Mtumwa wa Fumba, aimalizie hoja yake.